Daktari Walter Hughes na nimonia ya waliopungukiwa kinga

Mwaka 1962, mjini Memphis katika jimbo la Tennessee, Marekani, ilifunguliwa hospitali ya watoto iitwayo St. Jude. Aliyeianzisha alikuwa Danny Thomas, mwigizaji mwenye asili ya Lebanoni, na mkurugenzi wake wa kwanza wa tiba alikuwa Donald Pinkel, daktari wa watoto ambaye hakuwa hata amefikisha miaka 40. Siku hizo mtoto akigundulika kuwa na lukemia, yaani saratani ya damu, wazazi waliambiwa wajiandae kwa mazishi. Dawa zilikuwepo, na kila moja iliweza kuisafisha damu kwa wiki au miezi, lakini ugonjwa ulirudi ukiwa na nguvu mpya. Pinkel alikataa kuzitumia moja moja. Alizichanganya, akaongeza mionzi ya kichwani ili kuzifikia seli zilizojificha kwenye ubongo, kisha akaendeleza tiba kwa miaka 2 au 3 hata pale mtoto alipoonekana mzima. Mpango wake wa tano, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960, ulionyesha jambo ambalo wenzake wengi hawakulitarajia: karibu nusu ya watoto walipona.

Ushindi huo ulikuwa na gharama, na gharama yenyewe ilitokana na namna dawa hizo zinavyofanya kazi. Dawa za saratani huua seli zinazogawanyika upesi, wala hazichagui vizuri kati ya seli ya ugonjwa na seli nyeupe ya damu inayolinda mwili. Prednisoni, iliyokuwa sehemu ya tiba, hupunguza zaidi kundi la seli nyeupe ziitwazo limfositi. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akitibiwa kwa miaka mitatu aliishi miaka hiyo yote na kinga dhaifu. Wengine waliondolewa saratani yote kwenye damu, wakarudi nyumbani, wakaanza tena shule, kisha wakafa kwa ugonjwa wa mapafu.

Ugonjwa huo ulikuja na dalili za kutatanisha. Mtoto alianza kuhema upesi, mabawa ya pua yakitanuka kwa kila pumzi, na midomo ikaanza kuwa na rangi ya buluu. Alikohoa kikohozi kikavu kisicho na makohozi. Daktari aliweka kifaa chake kifuani akitegemea kusikia mikwaruzo ya nimonia, na mara nyingi hakusikia chochote cha ajabu. Picha ya eksirei ndiyo iliyotoa jibu, kwa kuwa mapafu yote mawili yalionekana kama yamefunikwa na utando mweupe. Asipotibiwa, mtoto wa namna hiyo kwa kawaida alikufa. Hali ilikuwa hivyo Walter T. Hughes, daktari wa watoto aliyebobea katika magonjwa ya kuambukiza, alipojiunga na hospitali hiyo mwaka 1969.

Kisababishi kilikuwa kimeshajulikana kwa jina, ingawa historia yake ilikuwa imejaa mkanganyiko. Mwaka 1909 mtafiti wa Brazili, Carlos Chagas, alikiona kwenye mapafu ya wanyama wa maabara aliokuwa amewaambukiza vimelea vya tripanosoma, ndugu wa vile vinavyoleta malale huku kwetu. Alidhani ni hatua mojawapo ya maisha ya tripanosoma. Antonio Carini, aliyefanya kazi São Paulo, alikiona vivyo hivyo kwenye panya mwaka uliofuata. Mwaka 1912 mume na mke wa ukoo wa Delanoë, watafiti wa Paris, walikikuta kwenye mapafu ya panya wa mitaro ya jiji hilo ambao hawakuwa na tripanosoma hata moja, na hivyo wakatambua kwamba hiki ni kiumbe cha peke yake. Walikiita Pneumocystis carinii kwa heshima ya Carini. Kwa karibu miaka 30 baada ya hapo, madaktari wa binadamu hawakuwa na sababu ya kukijali.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia na miaka ya njaa iliyofuata ndiyo iliyobadilisha mambo. Katika vituo vya yatima vya Ulaya ya Kati, watoto wachanga waliozaliwa njiti au waliodhoofika kwa utapiamlo walikufa kwa nimonia isiyoeleweka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wanasayansi wa Chekoslovakia, Josef Vaněk na Otto Jírovec, walithibitisha kwamba ni Pneumocystis. Muongo mmoja baadaye kiumbe hichohicho kilizuka katika kundi tofauti kabisa, yaani watu wazima waliopandikizwa figo. Mjini Denver, ambako Thomas Starzl alikuwa akipandikiza figo na kuuzuia mwili wa mgonjwa usizikatae kwa kutumia azathioprini na prednisoni, daktari David Rifkind na wenzake walieleza nimonia hiyo katikati ya miaka ya 1960. Yatima mwenye njaa, mtoto mwenye saratani na mtu mzima mwenye figo ya kupewa hawafanani kwa umri wala kwa maisha. Kilichowaunganisha ni upungufu wa kinga, na kila mmoja aliupata kwa njia yake.

Dawa iliyokuwepo ilikuwa pentamidini, iliyotengenezwa kwa ajili ya malale na kutumiwa sana Afrika kabla ya madaktari wa Hungaria kuijaribu kwa watoto wenye nimonia hii mwaka 1958. Iliokoa wengi, lakini ilikuwa dawa kali. Sindano yake iliacha majipu, sukari ya damu ilishuka ghafla, na figo ziliumia. Katika Marekani nzima ilipatikana kwa kuagizwa kutoka kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichopo Atlanta. Na kwa kuwa dawa yenyewe ilikuwa ya hatari, daktari alipaswa kuwa na uhakika kabla ya kuitumia. Uhakika huo nao ulihitaji sindano ndefu ipitishwe kati ya mbavu hadi kwenye pafu, ivutwe tone la majimaji, na tone hilo lipakwe rangi yenye madini ya fedha. Mtaalamu wa maabara alipoinama kwenye hadubini alitafuta vifuko vidogo vya mviringo vyenye kuta nyeusi, baadhi vimebonyea upande mmoja, vikiwa vimetapakaa kwenye uwanja wa kijani. Mtoto ambaye tayari anapigania pumzi alipitia hayo yote kabla ya kupewa dawa.

Watafiti wengi wangeanzia hapo kwa kutafuta dawa bora ya kutibu, na Hughes naye aliitafuta. Lakini ukisoma kazi zake za miaka ya 1970 kwa mfululizo utaona kwamba kuna swali aliloliuliza kabla ya hilo, na kwa maoni yangu ndilo lililomtofautisha na wenzake: nani ataugua, na lini? Alilinganisha watoto waliopewa dawa chache na waliopewa nyingi, akaona kwamba kadiri tiba ya saratani ilivyoongezewa makali, ndivyo wengi zaidi walivyopata nimonia hii. Kisha akachunguza lishe. Mwaka 1974 yeye na wenzake walionyesha kwamba utapiamlo wa protini unatosha peke yake kufungulia ugonjwa: panya wa maabara walionyimwa protini waliugua bila kupewa dawa yoyote ya kushusha kinga. Vifo vya yatima wa Ulaya, vilivyokuwa vimesimuliwa kama fumbo la wakati wa vita, vilipata maelezo yanayoweza kupimwa.

Panya hao walikuwa msaada mkubwa kwa sababu kiumbe chenyewe kilikataa kukua kwenye chupa za maabara. Njia pekee ya kukichunguza ilikuwa kumpa panya kotizoni kwa wiki kadhaa mpaka kinga yake ishuke na mapafu yajae Pneumocystis. Mwaka 1966 J. K. Frenkel na wenzake, huko Kansas, walitumia njia hiyo kuonyesha kwamba mchanganyiko wa dawa ya salfa na pirimethamini, dawa ya malaria, unaweza kuuzuia ugonjwa kwa panya. Hughes alichukua uzi huo. Badala ya pirimethamini alijaribu mchanganyiko mpya uliokuwa umeanza kuuzwa Uingereza mwaka 1968 kwa maambukizi ya bakteria. Ulikuwa na trimethoprimu sehemu moja na sulfamethoksazoli sehemu tano. Wafamasia huuita kotrimoksazoli, na watu wengi wa Afrika Mashariki huufahamu kwa jina la biashara, Septrin. Mwaka 1974 alitangaza kwamba panya waliopewa dawa hiyo hawakuugua, na waliokwisha kuugua walipata nafuu.

Inafaa kutua kidogo hapa, kwa kuwa asili ya dawa hii ina jambo la kustaajabisha. Trimethoprimu ilitoka kwenye maabara ya kampuni ya Burroughs Wellcome huko Marekani, chini ya George Hitchings na Gertrude Elion. Wawili hao waliutazama uhai kupitia jambo moja: kila seli inayogawanyika lazima itengeneze DNA mpya, na viumbe mbalimbali hutofautiana kidogo katika hatua za kuitengeneza. Vijidudu vingi hujitengenezea foleti, kirutubisho kinachohitajika kwa DNA, ilhali binadamu huipata kutoka kwenye chakula. Salfa huzuia hatua moja ya utengenezaji huo, na trimethoprimu huzuia hatua inayofuata, kwa hiyo zikiwa pamoja kijidudu hukwama mara mbili na mgonjwa haathiriki sana. Ajabu ni kwamba maabara hiyohiyo ndiyo iliyotoa merkaptopurini, mojawapo ya dawa za lukemia zilizotumiwa na Pinkel, na azathioprini, dawa iliyowezesha kupandikiza figo. Mikono iliyotengeneza dawa za kushusha kinga ndiyo iliyotengeneza pia dawa ya kuwalinda walioshushwa kinga. Hitchings na Elion walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988.

Jaribio lililomjengea Hughes jina lilichapishwa mwaka 1977 katika jarida la New England Journal of Medicine. Watoto 160 waliokuwa katika hatari kubwa, wengi wao wakiwa na lukemia, waligawanywa kwa bahati nasibu makundi mawili ya 80. Kundi moja lilipewa kotrimoksazoli kila siku, na jingine lilipewa dawa bandia yenye sura ileile, na wala familia wala madaktari hawakujua nani anapewa nini. Katika kundi la dawa bandia watoto 17 walipata nimonia ya Pneumocystis. Katika kundi la kotrimoksazoli hakupata hata mmoja. Maambukizi ya bakteria nayo yalipungua kwa waliopewa dawa, na dosari iliyojitokeza zaidi ilikuwa utando mweupe wa fangasi mdomoni.

Msomaji anaweza kuuliza ilikuwaje watoto 80 wapewe dawa bandia ilhali panya walikuwa wameshaonyesha njia. Swali ni zito. Jibu la wakati ule lilikuwa kwamba dawa hiyohiyo, kwa kuathiri foleti, ingeweza kudhoofisha uboho wa mtoto ambaye tayari yuko kwenye dawa za saratani, na hivyo kuwalazimisha madaktari kupunguza tiba ya lukemia yenyewe. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na bila kundi la kulinganisha isingeweza kuondolewa. Tangu jaribio lile, hospitali za saratani za watoto zilianza kutoa dawa kabla ya ugonjwa, na nimonia hii ikawa nadra kwenye wodi zilizofuata utaratibu huo.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kujaza mapengo. Mwaka 1978 timu ya Hughes ilionyesha kwamba hata kwa kutibu waliokwisha kuugua, kotrimoksazoli ilifanya kazi sawa na pentamidini bila makali yake. Mwaka 1987 ilionyesha kwamba siku tatu mfululizo kila wiki zinatosha kuzuia, jambo lililopunguza mzigo kwa wazazi na fangasi mdomoni kwa watoto. Katika miaka hiyo alihamia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore mwaka 1977 na kurudi Memphis mwaka 1981. Aliuliza pia ugonjwa unatoka wapi. Madaktari wengi waliamini kwamba kiumbe hulala mwilini tangu utotoni na huamka kinga inaposhuka, na walikuwa na sababu, kwani vipimo vya damu vilionyesha kwamba watoto wengi wenye afya wameshakutana nacho kabla ya kufikisha miaka 4. Lakini Hughes alilea panya wasio na vijidudu ndani ya vizimba vilivyofungwa, akatenganisha njia za maji, chakula na hewa, na mwaka 1982 akaripoti kwamba maambukizi yalipita hewani. Baadaye, milipuko katika vitengo vya wagonjwa wa figo, ambako waliougua walikutwa na aina moja ya kiumbe, iliupa nguvu upande wa maambukizi mapya. Upande wa pili haujafutwa kabisa, lakini nadhani ushahidi unaegemea hewa.

Mwaka 1981 ugonjwa wa wachache ukawa habari ya dunia. Sandra Ford, fundi aliyeshughulikia maagizo ya pentamidini kule Atlanta, aliona maombi yakiongezeka kwa vijana wa kiume wasio na saratani wala figo ya kupandikizwa. Tarehe 5 Juni mwaka huo CDC ilichapisha taarifa ya Michael Gottlieb na wenzake kuhusu vijana watano wa Los Angeles wenye nimonia ya Pneumocystis. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya kitabibu kuhusu ugonjwa ambao baadaye uliitwa ukimwi. Katika miaka ya mwanzo nimonia hii ndiyo iliyowaua wagonjwa wengi zaidi wa ukimwi nchini humo.

Dawa ya kuizuia ilikuwa imeshajulikana kwa miaka minne, na hapa ndipo historia inapouma. Mwongozo rasmi wa CDC wa kuwakinga watu wazima wenye VVU ulitoka mwaka 1989. Maelezo ya ucheleweshaji huu ni mengi. Wapo wanaosema wagonjwa wa ukimwi hupata vipele na homa kutokana na salfa mara nyingi zaidi kuliko watoto wa Hughes, na hilo ni kweli. Wapo wanaosema matokeo ya watoto wenye lukemia hayakuweza kuhamishiwa kwa watu wazima wenye ugonjwa mpya bila jaribio jipya. Wengine hutaja fedha na akili za watafiti kuelekezwa kwenye dawa za kupambana na virusi, na wengine hutaja dharau ya jamii kwa mashoga na watumiaji wa dawa za kulevya. Sababu mbili za kwanza ni za kitabibu na zina uzito, lakini haziwezi kubeba miaka minane. Jaribio lililomaliza ubishi, lililoongozwa na Margaret Fischl na kuchapishwa mwaka 1988, lilikuwa na wagonjwa 60 tu. Kati ya 30 waliopewa kotrimoksazoli hakuugua yeyote, na kati ya 30 wasiopewa waliugua 16. Jaribio dogo hivyo lingeweza kufanywa mapema. Daktari Joseph Sonnabend wa New York alikuwa akiwapa wagonjwa wake dawa hiyo bila kusubiri mwongozo, kwa kuwa alijua kilichoonekana Memphis.

Hughes mwenyewe aliendelea kutafuta dawa kwa wasioivumilia salfa. Alionyesha kwa panya kwamba dapsoni, dawa ya ukoma, inafaa. Kisha akajaribu atovakwoni, iliyotokana na utafiti wa malaria, na mwaka 1993 akaongoza ulinganisho wake na kotrimoksazoli kwa wagonjwa wa ukimwi. Pentamidini ya malale, dapsoni ya ukoma, atovakwoni ya malaria: dawa hizi ziliingia katika hospitali za Marekani kutokana na maradhi ya nchi za joto. Jambo hilo halitajwi vya kutosha. Kwa upande wa kiumbe chenyewe, mwaka 1988 uchunguzi wa chembe zake za urithi ulibainisha kwamba si jamaa wa tripanosoma kamwe bali ni fangasi, na aina inayompata binadamu huitwa leo Pneumocystis jirovecii kwa heshima ya Jírovec.

Barani Afrika swali lilichukua sura nyingine. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba nimonia hii ni nadra huku, na uchunguzi wa maiti za watu wazima ulielekea kuthibitisha hivyo, kwani wengi walikufa kwa kifua kikuu na bakteria kabla kinga haijashuka kiasi cha kuiruhusu. Kwa watoto wachanga hali ilikuwa tofauti, na uchunguzi uliofanywa Lusaka na kuchapishwa mwaka 2002 uliikuta kwa zaidi ya robo ya watoto wenye VVU waliokufa kwa maradhi ya mapafu. Kwa hiyo ilibidi kotrimoksazoli ipimwe upya hapa hapa. Majaribio ya Abidjan ya mwaka 1999 yalionyesha faida, na mwaka 2004 utafiti wa vijijini mashariki mwa Uganda ulikuta kwamba vifo vya watu wenye VVU vilipungua kwa asilimia 46, malaria kwa asilimia 72 na kuhara kwa asilimia 35. Mwaka huohuo jaribio la Lusaka kwa watoto zaidi ya 500 lilisimamishwa kabla ya wakati: waliokufa walikuwa asilimia 28 ya waliopewa dawa na asilimia 42 ya waliopewa dawa bandia. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilitokana na kuzuiwa kwa nimonia za kawaida za bakteria, jambo ambalo watoto 160 wa Memphis walikuwa wameshalidokeza.

Dawa za kufubaza virusi zilipoenea, wengi walidhani kotrimoksazoli ingeachwa. Jaribio la ARROW lililofanywa Uganda na Zimbabwe, matokeo yakachapishwa mwaka 2014, lilikuta kwamba watoto walioendelea nayo walilazwa mara chache kuliko walioachishwa, hasa kwa malaria na nimonia. Kwa wanaopandikizwa figo, huduma ambayo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuitoa Novemba 2017, ni kawaida duniani kote kuitumia katika miezi ya mwanzo, wakati dawa za kushusha kinga ziko kwenye kiwango cha juu. Na mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU huanzishiwa kati ya wiki ya 4 na ya 6 ya maisha, mara nyingi kabla hakujawa na uhakika kama ameambukizwa, kwa sababu nimonia ya Pneumocystis huwapata watoto hao zaidi kati ya mwezi wa 3 na wa 6, na mara nyingi ndiyo dalili yao ya kwanza ya ugonjwa.